Pointi Moja Tu: Bato la Mistari Lililomuweka Jaji Mtu Kati

Kuhukumu bato la mistari ukiwa umelala kitandani na simu mkononi ni rahisi sana. Unarudisha nyuma, unasikiliza tena, unachungulia wenzako wamesema nini, halafu unaandika "kaibiwa huyu" na kuweka vikatuni vitatu vya kucheka. Kazi iko kwa yule aliyekaa mezani ukumbini. Spika ziko karibu na sikio, kalamu inagoma, nyuma yake kuna mtu anashangilia hadi mate yanamrukia shingoni, na namba inatakiwa iandikwe kabla MC hajaita raundi inayofuata.

Mtu wa stori hii alikaa kwenye hiyo meza Jumamosi moja usiku, kwenye ukumbi mmoja Kinondoni. Hatajwi jina, na wenzake nao hawatajwi, kwa sababu wote bado wanakutana mitaani na hali haijapoa. Ana miaka thelathini na kitu. Zamani alikuwa anachana, nyimbo zake mbili zilipigwa redioni, kisha maisha yakamsogeza Kariakoo, mtaa wa Aggrey, anakouza chaja, kava na vioo vya simu. Wana wanaojua muziki wa mistari bado wanamheshimu. Ndiyo maana aliitwa.

Fainali ilikuwa ya watu wawili. Upande mmoja mkongwe wa Tabata, miaka kumi na tano kwenye gemu, mtu wa kuandika, anayejulikana kwa mistari unayoielewa ukiwa njiani unarudi nyumbani. Upande wa pili binti wa Mbagala, miaka kumi na tisa, aliyejulikana kwa video fupi za fristaili anazorekodi kituo cha daladala na ambaye hakuna aliyetegemea angefika fainali. Zawadi ilikuwa milioni moja taslimu na kurekodiwa wimbo mmoja studio. Usiidharau hiyo milioni. Mkongwe ana mtoto mchanga, na binti alikuwa hajui ada ya chuo itatoka wapi.

Majaji walikuwa watatu: prodyuza, mtangazaji wa redio, na huyu muuza chaja.

Kuna jambo lilitakiwa kusemwa mapema, na jaji alilisema. Mkongwe ndiye aliyempandisha jukwaani mara ya kwanza maishani mwake. Alimuazima na raba, maana zake zilikuwa zimefunguka mdomo. Siku mbili kabla ya fainali alimpigia mwandaaji akamwambia, "Kaka, huyu ni mtu wangu, tafuta mwingine." Mwandaaji alicheka. Akamjibu kwamba muziki wa Dar wote mnajuana, akianza kutoa wanaojuana itabidi akodi majaji kutoka Mars. Jaji akakubali kukaa. Hapo wapo watakaosema alikosea, na hoja yao ina miguu. Lakini tuwe wakweli, ukumbini pale mtu asiyemjua mkongwe angekuwa ni mlinzi wa getini, na huyo naye kuna siku waliwahi kupanda bodaboda moja.

Sasa utaratibu. Raundi tatu, kila mtu dakika mbili kwa kila raundi, bila biti. Hili la bila biti vijana wengi huwa hawalielewi hadi wafike wenyewe. Biti huficha mengi. Ukipotea, ngoma inakubeba, unarudi mbele. Bila biti kuna sauti yako na feni ya ukumbi. Ndivyo ligi kubwa za nje zinavyofanya pia, URL ya Marekani, King of the Dot ya Canada, Don't Flop ya Uingereza. Watu wawili wanatazamana, mistari imeandikwa na kukaririwa wiki kadhaa, na fristaili inakuja pale tu unapotaka kumjibu mwenzako alichosema dakika hiyo.

Anayeanza hupatikana kwa kurusha sarafu. Watu huiona kama mbwembwe, kumbe ni nusu ya mechi. Anayeanza anafungua akiwa hajasikia chochote. Anayefuata anasikiliza, anachagua kipi cha kujibu, na zaidi ya yote anapata neno la mwisho la usiku mzima. Sarafu ilimwangukia mkongwe aanze.

Karatasi ya jaji ilikuwa na visanduku vya alama, kila raundi kumi. Unajumlisha, mwenye nyingi anachukua kura yako. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: SARE HAIRUHUSIWI.

Raundi ya kwanza haikuwa na ubishi. Mkongwe alikuja ametulia kama mtu anayesubiri chai. Alimgonga binti kwenye umaarufu wake wa mtandaoni: "Una wafuasi laki mbili, na bado daladala umegombania mwenyewe." Ukumbi ulicheka, na hata binti alitabasamu. Yeye alivyoingia alikimbia mno. Maiki ilikuwa imegusa mdomo, mwisho wa kila mstari ukamezwa, na kwenye mchano mwisho wa mstari ndipo kina kinapokaa, kikimezwa umebaki na maneno matupu. Tisa kwa nane, mkongwe. Majaji wote watatu walimpa hiyo.

Raundi ya pili ndiyo iliyoanza kuleta shida.

Mkongwe alishika kasi. Katikati akaachia mistari minne mfululizo kuhusu mtu anayejenga ghorofa juu ya mchanga, ukumbi ukasimama. Prodyuza akagonga meza. Mtangazaji akashika kichwa. Jaji wetu alitulia, kwa sababu ile mistari alikuwa anaijua. Aliwahi kuisikia Morogoro, zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwenye shoo ndogo ya baa, mkongwe akimpiga nayo jamaa mwingine kabisa. Haikurekodiwa popote. Ukumbi mzima ule, walioijua walikuwa wawili, aliyeitoa mdomoni na aliyeshika kalamu.

Kwenye mabato, kurudia mistari ya zamani ni kosa linalojulikana dunia nzima. Mpinzani ni mpya, kwa hiyo silaha inatakiwa iwe imechongwa kwa ajili yake. Mstari unaoweza kumpigia mtu yeyote haujampiga mtu huyu. Lakini je, jaji anahukumu anachojua au anachosikia? Wale wengine wawili waliisikia kama mipya, na kwa masikio yao ilikuwa mipya kweli. Angekuwa mgeni, angempa tisa bila kuwaza. Kwa kuwa ni rafiki, alikuwa na ushahidi ambao haukuletwa mahakamani.

Binti akaingia. Kabla hajachana chochote akapiga goti kidogo, mkono kifuani, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo." Ukumbi ukafa. Neno moja tu, na mkongwe akawa mzee mbele za watu mia tatu. Na mkongwe naye hakukubali kufa peke yake, akamjibu taratibu, "Marahaba mwanangu, umeshakula?" Kelele zikarudi upya.

Jaji hapo akakumbana na swali jingine. Lile jibu la mkongwe lilikuwa tamu kuliko nusu ya mistari yote ya usiku ule, ila lilitoka ndani ya dakika mbili za mwenzake. Haliwezi kupewa alama. Ukianza kuhesabu anachosema mtu kwenye raundi isiyo yake, kesho watu watakuwa wanakatizana hadi mwisho. Akaliacha. Binti aliendelea safi, ametulia sasa, maiki ameishusha kidevuni, anawapa watu nafasi ya kucheka kisha anaendelea. Kwenye karatasi jaji akaandika tisa kwa binti. Kwa mkongwe kalamu ikasimama, halafu akaandika nane.

Kwa hiyo kumi na saba kwa kumi na saba, raundi moja mkononi.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu kuna watu bado wanadhani huu mchezo umeletwa na YouTube. Kugombana kwa vina ni jadi ya pwani hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa anarushiana mashairi na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji yao haielewani, na yale yalikuwa mambo mazito ya siasa na vita. Hapa Dar, miaka ya 1990, TOT na Muungano walipambana kwa mipasho hadi mji ukagawanyika, na kila aliyehusika akajua jinsi ya kumsema mtu bila kumtaja. Kote huko hakukuwa na jopo la majaji. Kwenye taarabu karatasi ya alama ilikuwa ni noti. Ukiguswa unainuka, unakwenda kutuza, na kila mtu anaona wewe uko upande gani. Ni mfumo wa haki kuliko unavyodhani, japo mwenye mashoga matajiri alikuwa anaanza mechi akiwa mbele kwa bao mbili.

Kura za mashabiki nazo zina historia yake. Desemba 2001 redio ya Hot 97 ya New York iliwaachia wasikilizaji waamue kati ya Nas na Jay-Z kwa simu, Nas akapata asilimia 58. Zaidi ya miaka ishirini imepita na hadi leo ukiitaja hiyo namba kwenye kundi la wapenda rap, hamlali. Kama maelfu ya wapiga simu hawakumaliza ubishi, watu watatu kwenye meza ya plastiki wangeumaliza vipi?

Turudi ukumbini.

Raundi ya tatu, mkongwe. Hii aliiandika kweli, na aliiandika kwa ajili ya binti huyu na si mwingine. Alimchukua Mbagala, akampitisha mjini, na katikati akaachia huu: "Mbagala mvua ikinyesha unatafuta paa, leo umepata kiki unataka kupaa, shuka mdogo wangu, kule Feri samaki wamejaa, chukua kisu ukae, hiyo ndiyo kazi yako, kupaa."

Paa la nyumba. Kupaa angani. Kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Neno moja, maana tatu, na kila moja imekaa mahali pake. Jaji alisikia mgongo ukisisimka. Ila ukumbi ulicheka kidogo tu, tena kwa ajili ya Feri. Vijana wengi siku hizi wanasema kupara samaki, hilo neno kupaa lina harufu ya bibi. Mstari bora wa usiku ukapita juu ya vichwa vya watu kama ndege ya saa nane.

Mkongwe aliliona hilo. Alisubiri kelele ambazo hazikuja, na kwenye kusubiri akapoteza uzi. Akanyamaza. Akaangalia chini, akaangalia dari, akasema "yeah" moja ambayo haikuwa na mwenyewe, kisha akadaka tena na kumaliza vizuri. Wana wa mabato wanajua maana ya ule ukimya. Kwenye muziki wa kawaida mtu akisahau anawanyooshea mashabiki maiki waimbe. Kwenye bato, kukwama ni kama kipa kuanguka mpira ukiwa bado miguuni mwa adui.

Binti akaingia na neno la mwisho. Alikuwa na mistari aliyoikariri, aliiacha. Akasema: "Umenituma Feri nikapae samaki, mzee umenikumbusha nyumbani, mama yangu ndiyo kazi yake hiyo, magamba ndiyo yaliyonitia darasani. Mie magamba yamenisomesha, wewe gamba limekushinda. Miaka kumi na tano kwenye gemu, jivue basi, limeshavunda."

Aliyekuwepo anajua kilichotokea. Viti vilianguka. Mtu mmoja alitoka nje kabisa, akazunguka nguzo, akarudi. Kujivua gamba hakuna Mtanzania asiyejua kumeanzia wapi, kwenye siasa za mwaka 2011, na yeye kalichukua neno la vikao vya chama akalifunga kwenye samaki wa mama yake. Halafu kuna lile la kukubali tusi kabla halijauma. Umenicheka maskini? Ndiyo, ni maskini, sasa una lipi lingine? Kila aliyeangalia 8 Mile mwaka 2002 anajua hiyo silaha inavyofanya kazi.

Nusu ya pili ya raundi yake ilikuwa ya kawaida. Alirudi kwenye aliyoyakariri, hayakuwa na moto ule, na dakika zikaisha.

Na hapo ndipo jaji alipotaka kukimbia. Maana fikiria vizuri hizo kelele zilikuwa za nani. Ukumbi haukuielewa paa ya mkongwe hadi binti alipoijibu. Alivyosema magamba, watu wakarudi nyuma kichwani, wakagundua kupaa ni nini, wakaona jinsi mkongwe alivyoichezea, na papo hapo wakaona binti alivyoigeuza. Mlipuko mmoja, mistari miwili. Karibu nusu ya shangwe ile ilikuwa deni la mkongwe, limelipwa kwa kuchelewa na limepokelewa na mtu mwingine. Karatasi haina kisanduku cha hilo.

Kwa upande mwingine, binti ndiye pekee ukumbini, ukitoa jaji mmoja, aliyeonyesha kwamba ameuelewa mstari ule palepale. Aliusikia, akaupima, akapata jibu lenye kina na maana mbili, huku saa inakwenda. Kuandika wiki tatu ni kipaji. Kujibu kwa sekunde kumi nako kunaitwa nini?

Aliandika tisa kwa binti. Kwa mkongwe aliandika tisa pia, akaangalia yale maandishi ya chini kuhusu sare, akaukumbuka ule ukimya, akafuta tisa akaweka nane. Ishirini na sita kwa ishirini na tano.

Prodyuza alimpa mkongwe. Mtangazaji alimpa binti. MC akafungua karatasi ya mwisho.

Kilichofuata mtandaoni wengi mnakijua, wengine mlishiriki. Asubuhi ya Jumapili jaji aliamka ameshakuwa mtu wa aina tatu tofauti. Kuna waliosema kahongwa. Kuna waliosema ni kura ya huruma, binti kapewa kwa sababu ni binti. Na kuna waliokuwa na habari zaidi, wakasema amemtosa mtu aliyemuazima raba ili aonekane hana upendeleo. Hii ya tatu ndiyo iliyomuuma, kwa sababu hakuwa na uhakika wa kuikanusha. Mtu anaweza kumpendelea rafiki. Mtu anaweza pia kumbana rafiki kuliko mgeni, kwa woga wa kuambiwa anampendelea, na huo nao ni upendeleo, umevaa shati la pili.

Hili la huruma kwa binti lisipite hivihivi. Historia ya mchezo huu ina kisa kimoja cha kuhuzunisha. Mwaka 1985, kwenye New Music Seminar kule New York, msichana wa miaka 15, Roxanne Shanté, alifika fainali akikutana na Busy Bee. Akashindwa, na kinachosimuliwa hadi leo ni kwamba mmoja wa majaji, yeye mwenyewe rapa mkubwa, alimpa alama nne. Kumi zinawezekana, kampa nne. Shanté amesimulia kwamba miaka mingi baadaye alielezwa sababu: muziki ulikuwa bado unatafuta heshima, na kumtawaza binti wa umri ule kungeuharibia. Ukisikia mtu anasema watoto wa kike wanapendelewa kwenye mabato, mkumbushe hiyo nne. Kwa uzoefu wa miaka yote hii, mezani mkono huwa unateleza kwenda upande mwingine.

Lakini hiyo haimaanishi binti wa Mbagala alipewa fidia ya mwaka 1985. Alipewa tisa kwa sababu ya magamba.

Kisha video ikatoka, na video haikuwa ile ile ya ukumbini. Hii nayo wapenzi wa mabato wanaijua vizuri, kuna mshindi wa ukumbini na kuna mshindi wa kwenye kioo. Kwenye kamera maiki ya binti inasikika vizuri hata raundi ya kwanza, kwa sababu sauti ilichukuliwa kutoka kwenye mtambo moja kwa moja. Ule mstari wa kupaa umewekewa maandishi chini, kila mtu anauelewa mara ya kwanza, na watu wanajiuliza ukumbi ulikuwa umelala? Na ule ukimya wa mkongwe, ambao jaji angeapa ulidumu sekunde tano au sita, kwenye video hauzidi mbili. Aliuangalia dukani, kwenye simu ya mteja iliyoletwa kubadilishwa kioo. Akarudia mara nne. Sekunde mbili.

Msimamo wake ni kwamba ukimya haupimwi kwa saa, unapimwa kwa jinsi watu walivyoacha kupumua. Ni hoja nzuri. Ni kweli pia kwamba mtu aliyekosa milioni moja hawezi kuielewa.

Na kama hiyo haitoshi, wiki hiyo hiyo mtu akachimba akaleta habari kwamba mama yake binti hajawahi kupaa samaki Feri hata siku moja. Ni muuguzi. Mtandao ukalipuka tena. Kadanganya! Mnyang'anyeni! Binti alijibu kwa video ya sekunde kumi na tano, akisema kama kila rapa aliyejidai ana bunduki angedaiwa aionyeshe, rap ingefungwa saa hiyo hiyo. Kwa hili yuko sahihi. Kwenye bato uongo unaruhusiwa, kinachoulizwa ni kama uongo wako umemshinda mwenzako kujibu. Ila kuna tofauti ndogo inayokera. Watu walisimama kwenye viti kwa sababu walidhani binti amevua nguo mbele yao kwa hiari. Wengine wakigundua lilikuwa vazi, wanajisikia wamechezewa. Jaji aliulizwa kama angejua angebadilisha. Alisema hapana, halafu akakaa kimya muda, zaidi ya sekunde mbili.

Mkongwe hakusema kitu popote. Hakuposti, hakulalamika redioni, alimpa binti mkono jukwaani na kumwambia "hongera mwanangu" kwa sauti ambayo haikuwa na kejeli. Kwa siku tisa hakumpigia jaji, na jaji naye hakupiga. Simu ya kwanza kwenye mambo kama haya ni nzito kuliko gunia la mkaa.

Siku ya kumi alitokea dukani. Alisimama kaunta kama mteja mwingine yeyote, akaomba chaja ya taipu C, original. Jaji akamtolea. Akaichomeka kwenye soketi ya majaribio, taa ikawaka. Akauliza bei. Elfu kumi na tano. Akatoa kumi na tano, akaihesabu, akaiweka mezani. Hakuomba kupunguziwa hata jero. Kama unaijua Kariakoo, unajua hiyo ina maana gani kati ya watu wawili waliojuana miaka yote hiyo.

Alivyokuwa anaweka chaja kwenye mfuko akauliza, "Ni ule mstari wa Morogoro, eh?"

"Huo, na pale uliponyamaza."

"Nilijua tu. Nilivyoutoa mdomoni, nikakuona unainamisha kalamu." Akacheka kidogo. "Nilidhani umesahau, mwanangu."

"Ningesahau vipi? Usiku ule ndio ulioniazima raba."

Mkongwe akasema, "Hukuzirudisha." Akaondoka.

Binti amelipa ada, na wimbo wake unasubiri kumaliziwa studio. Ameshasema hadharani yuko tayari kwa marudiano. Mwandaaji anatafuta ukumbi mkubwa zaidi, maana sasa tiketi zitajiuza zenyewe. Mkongwe naye amekubali, kwa sharti moja tu: mezani wakae watu ambao hawajawahi kufika Morogoro.